Gari Halina Macho

Nyinyi mnaoanza kazi ya kulea watoto wadogo, kwanza vueni viatu mkae chini. Sisemi mkae kwenye viti vidogo. Nasema chini kabisa, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kukusikia ukiwa umesimama huko juu kama mlingoti wa stima. Mimi nimefanya kazi hii mpaka magoti yakanigomea, na hata leo nikimwona mwalimu amesimama mbele ya watoto akielekeza kidole kwenye runinga, mwili wote unaniwasha. Keti chini, mama! Keti chini, kijana! Halafu ndio tuongee.

Jina langu ni Respa. Watoto waliniita Ticha, na wazazi wao wakazoea hivyo hivyo. Nilitoka Vihiga nikiwa msichana, na kazi nilijifunza Dagoretti Corner, kwenye chumba cha Mama Agneta nyuma ya steji ya matatu. Mama Agneta alikuwa akikaa na watoto wa akina mama wanaouza mboga na mitumba. Hakuwa na runinga, hakuwa na picha hata moja ukutani. Somo la magari lilikuwa nje ya mlango, linanguruma kutoka alfajiri. Watoto wake, hata wale ambao bado hawajui kutamka "maji", walikuwa wanajua sauti ya lori linaporudi nyuma, na walikuwa wanajua kukaa mbali nalo.

Akitaka kuwavusha barabara, alikuwa anatoa leso kuukuu aliyoisokota na kuifunga mafundo, kila mtoto anashika fundo lake. Mtoto akiachilia, msafara unasimama hapo hapo kwenye ukingo, hata kama mvua inanyesha, mpaka mkono urudi kwenye fundo. Siku moja nilimwuliza, mbona hawaelezi hawa watoto kwamba gari ni hatari? Alicheka mpaka akashika mbavu.

"We Respa," akaniambia, "huyu Brayo jana amekula mchanga akatapika. Leo nimemkuta anakula tena. Sasa utamweleza nini? Mpe mkono wake kazi ya kufanya. Kichwa kitafuata kikikua."

Shikeni hilo neno la mkono, tutalirudia.

Kutoka kwa Mama Agneta nilipata kazi Lavington, kwenye shule ndogo ya Madam Wairimu. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye bustani. Njia ya magari ilitoka getini juu ikateremka mpaka kwenye veranda, na upande wa kushoto ukishuka kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe. Wee! Nilishangaa. Watoto wa huko walikuwa wanatolewa ndani ya ukuta mmoja, wanafungiwa kwenye gari, wanashushwa ndani ya ukuta mwingine. Mtoto wa miaka miwili na nusu hajawahi kutembea kando ya barabara hata siku moja. Lakini magari alikuwa anayajua yote! Gari la zimamoto, ambulensi, katapila, treni, helikopta, anakutajia bila kupumua. Alikuwa ameyaona kwenye video.

Msinielewe vibaya, mimi si adui wa video. Nimewafundisha watoto wengi kwa video na nitawafundisha nyinyi jinsi ya kuitumia. Kaa na mtoto, bega kwa bega. Gari likipita, simamisha picha. "Hii ni nini?" Mwache ajibu, hata kama anajibu kwa mate. Mfanye aige mlio wake. Halafu zima, na hapa ndipo walimu wengi wanachoka, zima kabla watoto hawajachoka, mshuke sakafuni mkalicheze lile gari mliloliona. Chukua katoni ya maziwa, toboa, tia kamba, weka vifuniko vya chupa viwe magurudumu. Chora barabara kwa chaki. Panga viti, mmoja awe dereva, mwingine makanga. Nilikuwa na kasichana kamoja kapole sana, baba yake wakili, siku alipopewa umakanga alisimama kwenye kiti akapiga kelele, "Panda twende, mama, wacha maringo!" Mama yake alikuwa mlangoni. Sijui kalijifunza wapi. Mimi nilijifanya natafuta chaki.

Sasa, shida ya zile video ilikuwa moja, na mimi sikuiona mapema kwa sababu hata mimi nilikuwa nazifurahia. Magari yake yote yalikuwa na macho. Makubwa, meupe, yanapepesa. Lori linatabasamu. Basi linakonyeza. Mtoto akipita mbele, gari linasimama, linamwambia karibu rafiki yangu.

Aliyenifungua macho ni Nasri.

Nasri alikuwa mtoto wa mwisho kwao, karibu miaka mitatu, mashavu manene, mbishi kupita kiasi. Baba yake alikuwa mtu wa Mombasa mwenye duka la vitambaa huko mjini, mwanamume mkubwa, mwenye haraka, mcheshi. Kila mchana alikuja mwenyewe kumchukua, hakutuma dereva. Na kulikuwa na mchezo wao. Wafula, askari wetu, akifungua geti tu, Nasri anachomoka veranda anapanda mbio mpaka kwenye bampa ya lile gari la baba yake, lililo refu utadhani ni ghorofa. Baba anafunga breki, anaruka nje, anamrusha mtoto juu. Sote tulikuwa tunacheka. Ilikuwa kitu cha kupendeza, siwezi kudanganya.

Siku moja lori la maji lilikuwa limeleta maji. Lilikuwa linarudi nyuma kwenye ule mteremko, dereva ametoa kichwa upande wake. Mimi nilikuwa nampangusa mtoto kamasi. Nilipoinua uso, Nasri alikuwa nyuma ya lori, amesimama katikati ya njia, analipungia mkono. Nilikuwa mbali naye. Wafula ndiye aliyeruka akamnyakua kwa sweta, hata vifungo vikakatika. Lori lilipita pale alipokuwa.

Nilimkumbatia yule mtoto kwa nguvu. Na yeye? Alikuwa amekasirika, anavuta sweta yake kutoka kwa Wafula.

"Wacha! Ilikuwa inaniona," akasema.

"Nani alikuwa anakuona, Nasri?"

"Gari." Akanionyesha zile taa nyekundu za nyuma. "Macho yake hii hapa."

Nikazitazama zile taa. Nikaelewa kwa nini kila mchana alikuwa anakimbilia bampa bila hofu. Alikuwa anajua, kwa uhakika wote wa mtoto, kwamba gari la baba yake linamtazama. Na sisi wenyewe ndio tulikuwa tunamwekea somo hilo kila asubuhi.

Madam Wairimu alitaka tufunge runinga siku hiyo hiyo. Nikamwambia hapana. Ataziona nyumbani, ataziona kwenye simu ya shangazi, huwezi kufuta macho ya magari ya dunia nzima. Lazima tumfundishe kitu kingine chenye nguvu kuliko hayo macho. Akaniuliza kitu gani. Nikasema sijui, lakini nitakipata, na sitoki hapa mpaka nikipate. Madam alinijua. Alisema tu, "Haya Ticha, nakuachia."

Jaribio langu la kwanza, chekeni tu. Nilichukua magari yote ya kuchezea, nayo yalikuwa na macho kama ya video, nikayabandika plasta kwenye macho. Asubuhi watoto walipoingia, weh, kilio kilichoangushwa hapo! Mmoja alikataa uji. Jioni mama mmoja akapiga simu kuuliza ni kweli Ticha Respa ametoboa magari macho? Nikatumia siku nzima kuyabandua, na gundi yake ilikuwa mbaya.

Nikajaribu kuwaeleza. Nilisema kwa sauti ya upole, nikasema kwa sauti kali, nikaimba. "Gari haina macho!" Wakaimba pamoja nami vizuri sana, huku wakikimbilia kila gari linaloingia. Hapo ndipo nikamkumbuka Mama Agneta na leso yake. Nilikuwa nimewapa vichwa kazi, mikono nimeiacha bure.

Basi nikaanza upya. Nilimwomba Wafula akae tayari na mdoli wetu mkubwa, yule wa nguo ya manjano. Nikaingia kwenye gari la Madam likiwa limezimwa na funguo ziko mfukoni mwangu, nikamweka mtoto mmoja mapajani pangu kwenye kiti cha dereva. Wafula akasimama mbele, mbali, amemshika mdoli. "Mdoli yuko wapi?" nikauliza. "Ule!" Halafu Wafula akamsogeza karibu, karibu, akamkalisha chini mbele ya boneti.

"Mdoli ako wapi sasa?" Wafula akauliza.

"Ameenda!"

Mmoja mmoja, wote. Wengine walicheka, mmoja akalia akidhani mdoli amekufa. Nasri hakucheka wala hakulia. Alisema, "Nishushe." Akashuka, akazunguka, akamkuta mdoli ameketi pale pale. Akapanda tena, akachungulia juu ya usukani. Hayupo. Akashuka tena. Nilimwacha afanye hivyo mpaka alipotosheka mwenyewe. Mwishowe alikuja akanitazama kwa uso mzito wa mtu aliyeletewa habari mbaya.

"Ticha, gari haimuoni mdoli."

"Haimuoni, Nasri. Gari haioni. Ni mtu wa ndani anayeona, na yeye pia wakati mwingine haoni."

Kisha nikaipa mikono kazi. Pale kwetu hakukuwa na leso, lakini ukuta ulikuwepo, na Lavington hutakosa ukuta. Ukisikia injini, mkono ukutani. Hakuna kingine. Tulicheza siku nzima: mimi nalia mlio wa lori, wote mbio kwenye ukuta, paap! Wafula analia mlio wa pikipiki, ukutani! Na mkono hautoki ukutani mpaka gari lisimame, dereva ashushe kioo, amtazame mtoto usoni na aseme jina lake: "Fulani, nimekuona." Nilisimama getini nikawafundisha madereva wote na akina mama wote. Wengine waliona haya mwanzoni, hasa wale wenye miwani mieusi. Nikawaambia, ondoa miwani, sema jina la mtoto. Waliondoa.

Aliyenisumbua ni Baba Nasri.

"Ticha, hebu nisikize," akaniambia, na hakuwa na utani siku hiyo. "Mimi nashinda dukani kutwa nzima nabishana na watu. Nikiingia geti hili nikamwona mwanangu anakuja mbio, yote yanatoka. Ndiyo raha yangu ya siku. Wewe wataka kuniondolea?"

Nilimhurumia. Kweli nilimhurumia, kwa sababu hiyo raha niliijua, nilikuwa naiona usoni mwake kila mchana. Lakini nilikuwa nimeliona lile lori.

"Baba Nasri, rudi kwenye gari lako ukae," nikasema.

"Ili?"

"Kaa tu."

Akakaa. Wafula akamsimamisha mdoli mbele ya boneti, ameegemea bampa. Lile gari lilikuwa refu, hata kichwa cha mdoli hakikuonekana. Nikamwuliza anaona nini. Akasema anaona veranda, anaona maua. Nikamwambia ashuke. Alipomwona mdoli amesimama mbele ya bampa, na nguo yake ya manjano, aliacha kutabasamu. Yule mdoli alikuwa karibu kimo cha Nasri. Baba Nasri akajipangusa uso, akasema, "Haya, Ticha. Nitasema hayo maneno yako."

Na akayasema! Akishaanza jambo, yule mtu hafanyi nusu. Alikuwa anashusha kioo anatoa sauti inayosikika mpaka kwa majirani: "Nasriii! Nimekuona!" Ndipo mtoto anatoka ukutani mbio, baba ameshazima gari, ameshuka, mikono wazi. Raha yake sikumwondolea. Niliichelewesha kidogo tu.

Tuliendelea hivyo muhula mzima. Nami sikulegeza. Nyinyi vijana mkifundisha kitu kikaingia, mnakimbilia kingine. Hapana. Mtoto mdogo akijua kitu leo, kesho rudia, kesho kutwa rudia, na siku ukichoka, rudia. Walimu wenzangu waliniita Mama Ukuta. Sikujali.

Halafu ikaja siku ambayo Baba Nasri alirudi kutoka safari. Kulikuwa na msiba kwao Mombasa, alikuwa amekaa huko siku nyingi. Nasri alikuwa anauliza kila mchana, na kila mchana alikuja mtu mwingine kumchukua. Siku hiyo geti likafunguliwa, tukaliona lile gari refu. Watoto walikuwa nje nami, nikapaza sauti "Gari!" na wote wakakimbilia ukuta, paap, mikono kwenye mawe.

Baba Nasri hakungoja kufika chini. Alisimama katikati ya mteremko, hakushusha kioo, hakusema lolote. Alifungua mlango akaruka nje upande wake wa kulia, akapiga hatua mbili tatu mbele, macho yamejaa machozi.

"Nasri! Njoo, babangu! Njoo!"

Sisi tulikuwa kushoto, kwenye ukuta. Ili amfikie baba yake, Nasri alihitaji kukatiza mbele ya gari.

Nilimtazama yule mtoto. Miguu yake ilikuwa inacheza yenyewe. Mwili wote ulikuwa umeshaondoka, umebaki mkono tu. Mkono wake ulikuwa umebanwa kwenye jiwe mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na midomo inamtetemeka. Baba akaita tena. Nasri akaanza kulia, lakini mkono haukutoka.

Na mimi, nawaambia ukweli, moyo ulikuwa unanivunjika. Nilisema moyoni, Respa, hii sasa ni ukatili. Baba ametoka msibani, gari limesimama, mtu unamwona. Mwambie tu aende. Nilifungua mdomo nimwambie, "Nenda, Nasri."

Kabla sijasema, gari likaanza kwenda.

Hakukuwa na mtu ndani. Kwa ile haraka alizima injini bila kuvuta breki ya mkono, na mteremko ukalichukua. Lilianza polepole, bila mlio, mlango wazi unaning'inia. Halafu kasi ikaongezeka. Likapita kati ya baba na mtoto, pale pale njiani ambapo Nasri angekuwa anakimbia, likashuka, likavunja vyungu vya maua na kuibomoa nguzo ya veranda. Likasimama. Mlio wa vile vyungu nausikia hadi leo.

Baba Nasri alikuwa upande ule, sisi upande huu, na katikati njia tupu. Watoto wote walikuwa ukutani, hakuna hata mmoja aliyesogea. Niliwagusa vichwa mmoja mmoja, nikarudia tena, siamini. Wafula alikuwa amepiga magoti karibu na geti.

Baba Nasri alipiga hatua moja kuja kwetu. Akaketi chini hapo hapo kwenye lami, na kanzu yake nyeupe ya msiba, akamtazama mwanawe na mdomo wazi. Alinyoosha mikono.

Nasri alikuwa bado ukutani. Alilitazama gari kule chini, akamtazama baba yake. Kamasi zilikuwa zinamtiririka.

"Gari haina macho, Baba," akasema.

Yule mtu mkubwa akalia kwa sauti. Nami nililia, sioni haya kusema. Lakini Nasri hakwenda. Alikuwa anangoja, mkono kwenye jiwe, na alikuwa anaanza kukasirika.

"Baba! Hujasema!"

Baba Nasri akapangusa uso kwa viganja vyote viwili. Akamtazama mtoto usoni, vile tulivyokuwa tumemfundisha.

"Nasri," akasema. "Nimekuona."

Ndipo mkono ukatoka ukutani, akakimbia.